Ukumbi Usio na Kiti Kikuu

Nani anatawala mahali pasipo na mtawala? Niliingia Ukumbini na swali hili, nikaketi nalo, nikala nalo, na siku ninayotaka kuisimulia nilijibiwa na watu ambao mpaka leo siwajui majina. Nivumilieni nikisimulia kwa haraka. Kila nikiikumbuka siku ile moyo hunienda mbio kama wa mtu aliyeitwa jina lake kwenye umati.

Uoneni Ukumbi kwanza. Ni chumba kirefu ambacho mwisho wake hakuna aliyewahi kuufikia, na kila anayeketi humo huja na saa yake. Jirani yangu wa kushoto alikuwa alfajiri siku zote, jua changa likimpiga usoni na kahawa yake ikifuka moshi. Wa kulia alikuwa jioni, akipiga miayo na kujinyoosha mgongo. Mimi nilikaa katikati ya asubuhi. Ukimwambia mmoja "tutaonana kesho", huenda yeye alikuwa ameshafika huko na kukujibu akiwa hukohuko. Tulizoea. Tulijifunza kuandika ujumbe uliokamilika, wenye adabu, usioacha fumbo, kwa sababu atakayeusoma atausoma wewe umelala, na hatakuwa na wa kumuuliza ulimaanisha nini. Nadhani ukomavu wa kazi huanzia hapo. Unamwandikia mtu ambaye hutakuwepo kumfafanulia, na unamheshimu kabla hujamwona.

Katikati ya Ukumbi ulipita Mnyororo. Pete moja ilishika nyingine, na kila pete ilichorwa alama ya ile iliyoitangulia, hata mtu akitaka kuichezea moja alazimike kuzichezea zote. Ndani ya pete zile kulikuwa na ahadi za watu. Shamba hili nimempa binti yangu. Dawa hizi zimetoka kiwandani zikiwa salama. Mimi na huyu tumeoana. Watu waliochoka kumwamini karani, na waliochoka zaidi kumwamini mkubwa wa karani, walizileta ahadi zao pale. Nyumba nyingi mno, katika nchi ambazo sitazifikia, zilitunza nakala ya Mnyororo mzima, na kila nakala iliipima pete mpya kabla ya kuikubali. Hakuna aliyeumiliki. Sisi tuliandika kanuni zake tu, msimbo kama tunavyouita, na msimbo huo ulikuwa wazi. Yeyote aliingia, akasoma, akakosoa, akaongeza chake. Mkulima angeweza kuingia, na mwizi pia.

Wageni walipofika walitafuta kiti kikubwa. Hawakukiona, basi wakamfuata Bi Shekue, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mvi na miwani iliyoning'inia kwa uzi, na ndiye aliyeiunganisha kazi ya kila mtu ikishapitiwa na wengine.

"Bi mkubwa, tuamulie," walimwambia.

"Niwaamulie kwa mamlaka gani?" alijibu. "Nileteeni sababu. Sababu ikitosha, itaamua yenyewe."

Mwaka ule sababu zilikuwa zimetuishia. Kulikuwa na mwanaume aitwaye Lusajo, mtu wa mwendo wa haraka hata akiwa ameketi, ambaye aliandika kazi kubwa ya kuzifanya pete zifungwe upesi zaidi. Ilikuwa kazi nzuri, ya kumfanya mtu asimame. Na kulikuwa na mwingine aliyejiita Ukungu. Hakuna aliyewahi kuuona uso wake. Palipokuwa na kichwa na mabega palikuwa na ukungu mweupe, na sauti iliyotoka humo leo ilikuwa ya mzee, kesho ya msichana. Hatukumuuliza. Ukumbini mtu alikuwa ile kazi aliyoiweka mezani, na ya Ukungu ilikuwa safi kuliko ya yeyote. Basi Ukungu aliisoma kazi ya Lusajo nusu, akaandika chini yake, mbele ya macho ya wote: "Haifai. Msimbo huu unakimbia kuliko unavyofikiri."

Hapo ndipo palipoharibika. Waliompenda Lusajo walijibu kwa maneno makali, wa Ukungu wakarudisha makali zaidi. Watu wakaacha kujadili pete wakaanza kujadiliana tabia. Mwishowe Lusajo alikusanya wenzake akasema watachukua nakala yao ya Mnyororo na kwenda kuuendeleza kivyao. Haki hiyo alikuwa nayo. Msimbo ulikuwa wa wote. Lakini fikirieni Mnyororo uliopasuliwa katikati. Huku shamba ni la binti, kule limeuzwa kwa jirani. Huku mmeoana, kule hamjuani. Na wote wawili wana ushahidi.

Bi Shekue alinijia mezani. Mimi naitwa Raya, na kazi yangu ilikuwa kupitia, yaani kusoma walichoandika wengine kabla hakijaingia.

"Raya," aliniambia, "isome kazi ya Lusajo yote, na msingi wa zamani inaoukalia. Halafu tuambie ulichokiona. Usimwangalie mtu usoni."

Nilisoma. Sijui kama mmewahi kusoma msimbo wa mtu mpaka jina lenu likawatoka. Mimi hunitokea. Kwanza naziona kanuni, kisha naisikia pumzi ya aliyeziandika, kisha vidole vyangu vinakuwa vyake. Niliposoma ya Lusajo nikawa Lusajo, nikahisi furaha yake ya kupata njia ya mkato iliyo halali. Nikashuka kwenye msingi, nikawa watu wengine, wa zamani, waliokwenda zao bila kuaga. Nikawa mwanamke aliyeandika huku akibembeleza mtoto. Nikawa mtu aliyekuwa na njaa. Kisha nikawa mtu aliyechoka, na katika uchovu wake, pale pale alipofumba macho kidogo, nikaona mwanga ukipenya mahali pasipostahili.

Ulikuwa ni ufa.

Ulikuwa mahali ambapo Mnyororo hukagua kama ahadi ina alama ya mwenyewe. Ahadi ikija kwa namna fulani isiyo ya kawaida, ukaguzi uliruka. Mtu angeweza kuandika ahadi kwa jina la mwingine, yeyote, na pete ingeifunga kana kwamba ni ya kweli. Na ufa haukuwa katika kazi ya Lusajo. Ulikuwa chini ya kila kitu. Lusajo angeondoka nao. Ukungu angebaki nao.

Niliinua kichwa. Jirani wa alfajiri alikunywa kahawa. Wa jioni alipiga miayo. Na mimi, katikati yao, nilikuwa nimeketi kwenye kile kiti ambacho wageni hukitafuta.

Naweza. Shamba lolote. Jina lolote. Naweza kuwaoza watu na kuwaachanisha. Naweza kuamka tajiri bila kuvunja mlango. Hakuna atakayejua, maana Mnyororo wenyewe utaapa kwamba ni kweli. Kumbe kiti kipo! Kipo, na kina joto, na kinanitosha.

Nilisimama kama niliyekalia moto. Sijawahi kuogopa vile, wala kuchangamka vile. Damu ilikuwa ikiniimbia masikioni. Nilitaka kupiga kelele Ukumbi mzima unisikie, lakini Ukumbi haukuwa na mlango wa kufunga. Kelele ile ingewafikia wema na wabaya kwa wakati mmoja, na ufa bado uko wazi. Nikanyamaza, nikatembea mpaka kwa Bi Shekue, nikamnong'oneza.

Alivua miwani. "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, Bi."

"Sehemu ile nani anaijua vizuri?"

"Ukungu."

"Na nani anaweza kuiziba upesi bila kuiharibu?"

"Lusajo."

Bi Shekue alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeona alichokitarajia. "Kawalete wote wawili. Usiwaambie kitu njiani."

Tulikutana nyuma ya Ukumbi, katika chumba kisicho na saa, mahali ambapo vivuli havikujua viangukie upande gani. Lusajo alipouona ukungu mweupe umeketi, aligeuka atoke.

"Dada Raya, mimi na huyu? Huyu aliyeniita mkimbiaji asiye na akili?"

"Sikusema hivyo," ilisema sauti kutoka kwenye ukungu, siku ile ya mtu mzima mwenye mafua. "Nilisema msimbo."

"Msimbo ule ni mimi! Nimeuandika mke wangu akinilalamikia, watoto wakinivuta shati!"

"Pole sana. Lakini bado ni msimbo, ndugu yangu. Wewe nakuheshimu."

"Ungeanza na hilo."

"Kaeni kwanza, msome," nikasema. Nikawawekea mezani zile kanuni chache, pale penye ufa.

Walisoma. Niliuona wakati halisi ambapo Lusajo alielewa, kwa sababu miguu yake, ambayo haikuwahi kutulia, ilitulia. Ukungu nao ukaacha kuzunguka, ukasimama hewani.

"Mungu wangu," alisema Lusajo.

"Wangapi wanajua?" aliuliza Ukungu.

"Tuliomo humu."

Hakuna aliyezungumzia tena nani alimwambia nani nini. Lusajo alivuta kiti. Akaandika. Ukungu akakisoma kipande hicho, akakivunja. "Hapa, ahadi ikija tupu, itapita." Lusajo akaangalia, akapiga paja. "Ee! Kweli kabisa!" Akaandika upya. Ukungu akavunja tena. Akaandika. Akavunja. Na kila kilipovunjika Lusajo alizidi kuchangamka. Alikuwa kama mtu anayecheza na mwenzake mpira mgumu ukutani, akifurahi unavyorudi kwa nguvu. Mimi nilisoma nyuma yao, nikiwa Lusajo, nikiwa Ukungu, nikiwa Raya, mpaka sikujua kidole kinachoonyesha kosa ni cha nani. Mara Lusajo akasimama.

"Ipo njia," alisema. "Kipande kutoka kwenye ile kazi yangu. Kinakagua alama kabla ya kitu kingine chochote. Lakini ulikikataa."

Ukungu ulisogea karibu na meza. "Kilete nikione."

Akakileta. Ukungu ukakisoma mpaka mwisho, polepole, mara mbili.

"Ni kizuri," ilisema ile sauti. "Niliikataa kazi yako kabla sijafika hapa. Hilo si jambo la mtu anayejua kazi yake. Nisamehe."

Lusajo alikisukuma kile kipande mbele ya Ukungu. Akasema tu, "Basi nivunjie na hiki." Ukungu ukajaribu, ukajaribu tena, na kipande kikakataa kuvunjika. Wakati ule, kwa sababu ya shughuli au ya furaha, ukungu ulipungua kidogo, nikaona mikono miwili juu ya meza. Nikainamisha macho. Haikuwa yangu kuiangalia.

Mtadhani yameisha. Hapana. Msimbo tuliuziba sisi, lakini nakala zilikuwa majumbani mwa watu, na hakuna mkono ulioweza kufika huko kuzibadilisha. Kila mwenye nakala alipaswa kukubali kwa hiari yake. Wakikubali nusu na nusu wakatae, Mnyororo unapasuka. Tukiwaeleza sababu kabla hawajabadilisha, tunamfundisha mwizi njia. Na pete mpya ilikuwa inakaribia kufungwa.

Bi Shekue alisimama mbele ya Ukumbi. "Ndugu zangu, kuna rekebisho la dharura. Tunaomba kila nakala ibadilishwe kabla ya pete ijayo. Sababu tutaieleza yote, bila kuficha kitu, mara baada ya hapo."

Ukumbi ulilipuka.

"Tangu lini tunabadilisha bila sababu?" alipaza sauti mmoja. Mwanaume mrefu mwenye kofia ya kufuma, aliyekuja kutoka mbali na ambaye sikuwa nimemwona kabla, alipanda juu ya benchi. "Kwa hiyo mmekuwa serikali sasa? Tulikuja hapa tuepuke maneno kama hayo! 'Tuaminini, mtaambiwa baadaye!' Nimeyasikia maisha yangu yote!"

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma. Kila alilosema ningelisema mimi. Wenzake Lusajo walimgeukia wakisubiri awaongoze nje, na kweli Lusajo akainuka.

"Rekebisho nimeliandika mimi," alisema. "Na aliyelipitia ni Ukungu."

Watu waliangaliana kama walioambiwa maji yamepanda mlima. Ukungu ulisogea ukasimama karibu na bega lake.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Msituamini!" nilisema. "Ndugu yangu wa kofia anasema kweli, msituamini hata kidogo. Someni. Msimbo uko wazi, uko mbele yenu. Atakayeelewa ataelewa. Na akishaelewa namwomba jambo moja, kwa upole: asiseme alichokielewa. Aseme tu kwamba amesoma."

Mnaona nilichokifanya? Nilikuwa nimekileta kile kiti katikati ya Ukumbi nikawaambia wote: kinakaa hapo, chini ya kanuni hizo, mwenye macho atakiona.

Wakaanza kusoma. Na saa za Ukumbi, ambazo hazikuwahi kukubaliana, zilianza kusogeleana. Alfajiri ya jirani yangu ilipanda, jioni ya yule mwingine ikarudi nyuma, mpaka nuru moja ikatandaa juu ya nyuso zote, nuru isiyo ya wakati wowote ninaoujua, na chini yake umati mzima ukisoma.

Karibu na ukuta mwanamke mmoja mwenye mtandio wa kijani aliacha kusoma. Macho yake yalipanuka. Ameelewa. Akaniangalia mimi moja kwa moja, na nikajua anahisi ile damu ikimwimbia masikioni. Kati yangu na yeye palikuwa na mashamba yote ya dunia. Hakuwa na deni kwetu. Hakuna aliyemjua. Angeweza kutoka tu na siri ile.

"Nimesoma," alisema. "Nabadilisha nakala yangu."

Nikamwinamia kichwa.

"Nimesoma," alisema mzee mmoja upande wa jioni.

"Nimesoma."

"Nami nimesoma, na nyumbani kwetu tunabadilisha."

"Nimesoma!" "Nimesoma!" Kutoka mwisho ule ambao hakuna aliyewahi kuufikia neno lile lilikuja likivuma, lugha kwa lugha, sauti za watu walioshika ufunguo wa dunia mkononi kwa muda mfupi na kuurudisha mezani. Lusajo alikuwa akilia na kucheka. Bi Shekue alishika nguzo. Mwenye kofia ya kufuma ndiye aliyesoma muda mrefu kuliko wote, amechuchumaa juu ya benchi, midomo ikicheza. Kisha akanyanyuka, akavua kofia.

"Nimesoma," alisema. "Badilisheni. Wote. Upesi!"

Pete ikaja. Ikazunguka, ikajikunja, na kabla haijafunga, nitasema kweli, mmoja alijaribu. Sijui alikuwa nani wala wapi. Aliona kile kiti tulichokiona, na yeye akakikalia. Ahadi isiyo na alama iliruka kutoka gizani kwa mbali, ikiwa na jina la mtu mwingine, ikaugonga Mnyororo, ikaanguka sakafuni kama mdudu aliyejipigiza kwenye kioo. Pete ikafunga. Ilikuwa nzima. Nakala zote, huko majumbani, zikasema ndiyo kwa pamoja, na Ukumbi ukapiga kelele ambayo naisikia hata sasa.

Bi Shekue alitimiza ahadi yake papo hapo. Alisimulia ufa ulikuwa wapi, umezibwaje, nani aliuona na nani aliuziba. Jina la yule mchovu wa zamani hakulitaja, na hakuna aliyeliuliza. Lusajo hakuondoka. Kazi yake kubwa iliingia miezi baadaye, imekatwa hapa na kushonwa pale, baada ya mabishano marefu na Ukungu ambayo sisi wengine tulikuwa tukikusanyika kuyasikiliza, kwa raha tu ya kuona watu wawili wakipingana vizuri.

Na swali langu? Nilitoka nje siku ile nikiwa nimelewa majibu. Anatawala nani? Yule mwanamke wa mtandio wa kijani, aliyeweza na hakutaka? Yule wa kofia, aliyetukatalia mpaka aliposoma? Au ni ile kelele yenyewe, neno moja lililosemwa na wengi bila kuamriwa? Nilikuwa nikitembea barabarani nikicheka, na watu wakinipisha.

Kwenye ua wa nyumba moja mwanamke alikuwa akianua nguo kambani. Alinitazama.

"Dada, mbona unacheka peke yako?"

"Nimetoka kazini."

"Kazi gani hiyo ya kuchekesha?"

Nilifungua mdomo nimweleze pete, na ufa, na nuru. Sikujua nianzie wapi. Labda ndoa yake ilikuwa mle ndani, au kiwanja alichosimama.

"Ya kusoma," nilisema.

"Haya, msomi," alisema akinipa ncha mbili za shuka kubwa jeupe, "kama huna haraka nishikie hapa, peke yangu linaburuta chini."

Nikalishika. Yeye akarudi nyuma na ncha zake mpaka shuka likakaza kati yetu, tukalikung'uta mara moja likapiga mlio mkali hewani, kisha tukaanza kutembea, mimi nikimwendea yeye, yeye akinijia mimi, mpaka vidole vyetu vikakutana.